Binti anataka kusoma sheria, matokeo yamekuja na E ya Kiingereza

Familia moja ya Lukozi, kwenye barabara itokayo Lushoto kwenda Mtae, ilipokea matokeo ya kidato cha sita ya binti yao kwa shangwe. Daraja la pili, pointi 12. Baba, mkulima wa viazi na kabichi, aliwapigia simu ndugu wote aliokuwa na namba zao, kuanzia Mombo hadi Dar es Salaam. Tangu kidato cha pili binti alikuwa akisema atasoma sheria. Kwa baba, daraja la pili lilikuwa na maana moja tu: mwaka haujaisha, mwanasheria anapanda basi.

Siku ya tatu mjomba wa binti, mwalimu wa sekondari, alifika nyumbani. Alipongeza kama wengine, akanywa chai, kisha akaomba aone herufi zenyewe. Historia D, Kiswahili C, Kiingereza E. Akauliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, hii E ya Kiingereza mmeiona?"

Hawakuwa wameiona. Walikuwa wamesoma neno "daraja la pili" wakaishia hapo. Swali la mjomba lilifungua mjadala wa wiki nyingi ndani ya nyumba ile, na mwisho wake haukuhusu chuo peke yake. Ulihusu shamba la bondeni, ada za wadogo wawili, na jinsi binti mwenyewe anavyoyachukulia matokeo yake.

Herufi moja, hesabu mbili

Wazazi wengi hujikwaa mahali pale pale, kwa sababu herufi zile zile huhesabiwa kwa njia mbili zinazokwenda kinyume.

Baraza la Mitihani, NECTA, hupanga madaraja kwa pointi ambazo kadiri zinavyopungua ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi za masomo matatu ya tahasusi hujumlishwa. Kuanzia 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne. Binti wa Lukozi alikuwa na 4, 3 na 5, jumla 12. Alikuwa ukingoni kabisa mwa daraja la pili.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inapotazama sifa za kuingia shahada hutumia hesabu nyingine, ambayo pointi nyingi ndizo nzuri. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni 0.5. Kiwango cha chini kwa waliomaliza miaka ya karibuni ni kufaulu masomo mawili kwa herufi kati ya A na E, na jumla ya masomo hayo mawili isipungue 4.0. S haihesabiwi kuwa ufaulu kamili, ingawa wazazi wengi hudhani inahesabiwa.

Kwa hesabu hiyo, Kiswahili na Historia za binti zilitoa 3 na 2, jumla 5. Zilitosha. Lakini kama chuo kingetaka Kiingereza kiwe mojawapo ya masomo mawili, angebaki na 3 na 1, yaani 4 kamili, bila ziada. Na 4 ni mlango wa chini tu. Chuo kikipata waombaji wengi kuliko nafasi, huanza na wenye pointi nyingi, na sheria ni miongoni mwa fani zinazogombaniwa sana.

Ndiyo maana mjomba alimwambia baba kwamba daraja ni jina la jumla, na chuo hakidahili jumla. Kila mwaka TCU hutoa mwongozo wa udahili, mmoja kwa wahitimu wa kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada. Ndani yake kila programu ya kila chuo ina masharti yake: masomo yanayokubalika, pointi, na mara nyingine sharti la Kiingereza cha kidato cha nne. Mzazi mwenye simu anaweza kuupakua bila malipo kwenye tovuti ya TCU. Kuusoma pamoja na mtoto kwa jioni mbili kunaokoa ada za maombi na machozi.

Kwa nini herufi ya Kiingereza

Baba alikuwa na hoja yake, tena yenye nguvu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Mahakama ya mwanzo pale Lushoto watu hujieleza kwa Kiswahili tangu zamani. Kwa nini basi Kiingereza kimzuie mtoto wake?

Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande mmoja. Kwa upande wa pili, vitabu vya sheria, mihadhara ya vyuo vikuu na sehemu kubwa ya hukumu zinazotumiwa kama mfano bado ni za Kiingereza. Mwanafunzi wa sheria husoma kurasa nyingi kila wiki, kisha huandika hoja zake kwa lugha hiyo hiyo. Asiyeimudu hushindwa taratibu: mwaka wa kwanza anakariri, wa pili anaazima maelezo ya wenzake, wa mwisho anapata cheti, na akifika mbele zaidi anakwama.

Kukwama huko kulijulikana nchi nzima Oktoba 2022. Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndiyo kituo ambacho mwenye shahada ya sheria hupitia kabla ya kuomba uwakili. Katika kundi moja la wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walifeli kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wapo waliolaumu shule, wapo waliolaumu vyuo vikuu, wapo waliolaumu msingi wa wanafunzi wenyewe. Kwa mzazi wa Lukozi jambo la kujifunza ni dogo zaidi: udhaifu unaopita bila kurekebishwa leo utapimwa tena mbele, wakati ambapo familia imeshatumia pesa nyingi zaidi.

Majirani nao wanahangaika na jambo hilo hilo. Sheria ya Kenya School of Law ya mwaka 2012 iliweka wastani wa C+ na angalau B ya Kiingereza au Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne, na masharti yake yamepelekwa mahakamani zaidi ya mara moja. Makerere, Uganda, imekuwa na mtihani wake wa kuchuja wanaotaka kusoma sheria. Marekani mwombaji hufanya mtihani wa LSAT wenye alama kati ya 120 na 180, na anayeurudia, kwa kawaida vyuo huziona hata alama zake za mwanzo. Kwetu hakuna mtihani wa pekee wa kuingilia shahada ya sheria. Kidato cha sita ndicho mtihani wenyewe, na herufi zake ndizo mtoto anazokwenda nazo.

Ushauri wa kuficha

Habari ikasambaa ukoo mzima kwamba matokeo "yana kasoro", na ushauri ukaanza kumiminika. Ndugu mmoja wa Dar es Salaam alisema anamfahamu mtu anayeweza "kurekebisha" cheti. Mwingine alishauri binti ajaze fomu bila kutaja Kiingereza, ataje tu masomo aliyofanya vizuri.

Mama alikataa la kwanza palepale, na aliyekata la pili ni mjomba. Mwombaji anapojaza namba yake ya mtihani ya kidato cha nne na ya sita, mfumo wa udahili huyachukua matokeo yote kutoka NECTA. Hakuna somo la kuacha nyuma. Na cheti cha kughushi ni kosa la jinai. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa kazini zaidi ya watumishi wa umma 9,900, wengine wakiwa wametumikia kwa miaka mingi. Kwa anayetaka sheria hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu siku ya kuomba uwakili vyeti na tabia yake vitachunguzwa tena.

Ipo njia halali ya kulalamika. Anayeamini kwamba karatasi yake imesahihishwa vibaya anaweza kukata rufaa ya matokeo NECTA, kwa ada na ndani ya muda uliowekwa. Binti aliulizwa kama anataka kukata rufaa. Alifikiri, akasema, "Hapana baba. Karatasi ya Kiingereza niliijua siku ile ile kwamba imenishinda."

Wengi waliokuwa sebuleni walinyamaza. Mtoto wa miaka 20 alikuwa amesema jambo ambalo watu wazima walikuwa wakilizunguka.

Njia tatu juu ya karatasi moja

Mjomba alichana ukurasa wa daftari, akaandika njia tatu. Chini ya kila moja aliacha nafasi ya kujaza mambo matatu: muda, pesa, na inafanya nini kuhusu Kiingereza.

Njia ya kwanza: kuomba shahada ya sheria mwaka huu huu, kwenye vyuo ambavyo pointi 5 zinatosha. Muda ni miaka 3 au 4 kutegemea chuo, kisha mwaka mmoja wa Shule ya Sheria. Pesa: mkopo wa Bodi ya Mikopo unaombwa, lakini hupewi kwa sababu tu umeomba. Mkopo ukikosekana au ukija nusu, baba alikuwa tayari kuuza shamba la bondeni, robo tatu ya ekari yenye maji mwaka mzima. Kuhusu Kiingereza, nafasi ilibaki wazi. Hakuna aliyejua la kuandika.

Njia ya pili: kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea mwezi Mei, kisha kuomba kwa matokeo mapya. Muda unaongezeka mwaka mmoja. Pesa ni ada ya mtihani, vitabu, na masomo ya ziada kama atapatikana mwalimu. Kuhusu Kiingereza: inawezekana, kama binti atapata mtu wa kumsomesha kweli. Akiwa nyumbani msimu wa viazi, kila mtu alijua nani angeitwa shambani kwanza.

Njia ya tatu ilikuwa jirani kabisa. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko Lushoto hapo hapo, kimeanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1998, na watu huja kutoka mikoa ya mbali kusoma. Kinafundisha sheria ngazi ya astashahada na stashahada. Kiwango cha chini cha kuingia stashahada kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu kamili wa somo moja na S moja, kwa hiyo binti alikuwa juu ya mstari. Muda ni miaka 2 ya stashahada, halafu shahada na Shule ya Sheria kama wengine. Kuhusu Kiingereza: miaka 2 ya kusoma na kuandika sheria kabla ya kukutana na chuo kikuu.

Njia ya tatu nayo ina masharti yasiyopaswa kufichwa. Kwenda shahada kwa stashahada kunahitaji GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Anayepata 2.9 hufungiwa mlango wa moja kwa moja. Mikopo ya serikali ilipoanza kutolewa kwa ngazi ya stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, ililenga fani za kipaumbele kama afya, ualimu na usafirishaji, na sheria haikuwemo. Ada ya miaka hiyo 2 ingetoka mfukoni, ingawa binti angeweza kukaa kwa ndugu pale mjini na kupunguza gharama za malazi.

Shangazi alisimamia upande wa muda. "Kaka, mtoto wa kike huyu. Miaka 2 ya diploma, 4 ya chuo, mmoja wa hiyo shule nyingine. Atamaliza ana miaka 27. Ataolewa lini?" Mama akajibu kwa upole kwamba anayeolewa akiwa na 27 na kazi yake hajachelewa, na anayerudishwa nyumbani mwaka wa pili wa chuo kwa kukosa ada, shamba nalo limeshauzwa, huyo ndiye aliyechelewa.

Jaribio la kurasa mbili

Kilichosaidia zaidi kuliko kikao hakikutoka kwa mtu mzima. Binti alikuwa amesikia shuleni kuhusu TanzLII, tovuti inayochapisha hukumu za mahakama za Tanzania bila malipo. Akafungua hukumu moja ya mgogoro wa ardhi. Alitaka kujua kama anaweza kuisoma.

Kurasa mbili zilimchukua jioni nzima. Aliandika pembeni maneno 41 asiyoyajua. Kesi yenyewe aliielewa, kwa sababu migogoro ya mipaka ya mashamba ameikuta kijijini tangu utoto. Alielewa nani anadai nini. Alichoshindwa kufuata ni hatua za jaji: kwa nini shahidi huyu aliaminiwa, kwa nini hoja ile ilitupwa. Asubuhi alimwonyesha mama orodha ya maneno na kusema kwamba akipelekwa chuo kikuu mwezi wa 10 atakuwa anasoma kurasa mbili wakati wenzake wamesoma thelathini.

Jaribio hilo halina gharama zaidi ya bando la intaneti, na kila mzazi anaweza kumwomba mtoto anayetaka sheria alifanye. Mtoto asome hukumu moja mpaka mwisho, kisha aieleze familia kwa Kiswahili: nani alishtaki, aliomba nini, jaji aliamua nini na kwa sababu gani. Jaribio la pili ni kukaa mahakamani siku moja. Mashauri mengi husikilizwa mbele ya watu wote, na Lushoto kuna mahakama ya mwanzo na ya wilaya. Wapo watoto wanaorudi wakisema hawaitaki tena sheria, na ni nafuu wakisema mapema.

Ujumbe wenye namba ya siri

Baba hakuachia haraka. Waliafikiana binti aombe kote kuwili: vyuo vikuu viwili katika dirisha la kwanza, na chuo cha Lushoto. Kuomba si kukubali, na mjomba aliona ni afadhali familia iamue ikiwa na nafasi mkononi kuliko kubishania nafasi ambayo haipo.

Chuo kikuu kimoja kilimchagua. Nyumba ikarudi kwenye shangwe ya siku ya kwanza. Baba akamwita mnunuzi wa shamba. Mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu kwenye simu ili athibitishe chuo anachokitaka, na tarehe ya mwisho ikipita bila kuthibitisha anaweza kuipoteza nafasi. Binti alikuwa amechaguliwa na chuo kikuu kimoja tu, kwa hiyo uamuzi wake haukungoja namba. Ulingoja kama atakwenda kuripoti, na kama baba atasaini mauzo.

Wazazi wengi huyumba hapa. Nafasi ikishapatikana huonekana kama baraka isiyokataliwa, na ile E husahauliwa kwa sababu chuo chenyewe hakikuijali. Lakini chuo kukubali pointi 5 kunamaanisha tu kwamba masharti yake yametimizwa. Hakijasema mwanafunzi atamudu, wala hakijui kwamba nyuma ya ada ya mwaka wa kwanza kuna shamba linalowalisha na kuwasomesha wadogo wawili, mmoja kidato cha pili na mwingine darasa la sita.

Binti ndiye aliyezungumza. Alimwambia baba kwamba anaogopa kumwangusha. Alisema akienda sasa na shamba likauzwa, hatakuwa na ujasiri wa kurudi kusema masomo yamemshinda, atabaki huko akihangaika kimyakimya. Akienda Lushoto kwanza, akishindwa kufikisha 3.0, watakuwa wamepoteza ada ya miaka 2 na shamba litakuwepo. "Baba, nipe miaka 2. Nikiipata hiyo tatu, nitakuomba mwenyewe unipeleke chuo kikuu."

Baba hakujibu jioni ile. Alinyamaza siku mbili, na mama hakumsukuma. Siku ya tatu alimpigia mnunuzi simu kumwambia asije. Binti hakuipokea nafasi ya chuo kikuu, akaanza stashahada Lushoto.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Kuna majirani walioeneza kwamba mtoto "amefeli chuo". Baba, aliyewapigia watu simu mwezi Julai, alilazimika kueleza upya, na kila mara maelezo yalizidi kuwa mafupi. Muhula wa kwanza binti alipata GPA ya 3.2, juu ya mstari kwa kidogo sana. Orodha yake ya maneno imejaza daftari la pili. Bado hajui kama atafika, na familia imekubali kuishi na jambo hilo bila kulikata sasa.

Kwa nani njia hii haifai

Uamuzi wa Lukozi haumfai kila mtoto. Herufi moja inaweza kuwa na sababu tofauti kabisa, na sababu ndiyo inayoonyesha njia.

Mtoto mwenye B ya Kiingereza aliyeangushwa na somo jingine hana sababu ya kuiacha nafasi ya shahada aliyopewa. Lugha anayo. Mtoto aliyekuwa mgonjwa wakati wa mitihani, au aliyefiwa wiki ile, huku matokeo yake ya shuleni yakionyesha uwezo tofauti, huyo kurudia kunaweza kumfaa. Mzazi afuatilie mapema tarehe za usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, maana anayechelewa hulipa faini. Mtoto asiyefikisha 4.0 kabisa anaweza pia kuulizia programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambayo imewafungulia wengi mlango wa shahada.

Na yuko mtoto ambaye stashahada inaweza kumtosha kwa muda. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na vijijini, kwenye migogoro ya ardhi na mirathi, wanahitajika. Mzazi ajue tu kwamba uwakili unahitaji shahada na Shule ya Sheria, ili asimwahidi mtoto kitu ambacho cheti hakitoi.

Kwa familia inayosubiri dirisha la udahili lifunguliwe, karatasi ya mjomba inatosha kuanzia. Ziandikwe herufi zote, pamoja na zile za aibu. Zihesabiwe kwa njia zote mbili. Kila njia iandikiwe muda wake, pesa yake na inatibu nini. Kisha mtoto aachiwe aseme kwa nini somo fulani lilimshinda, na watu wazima wamsikilize mpaka amalize kabla shangazi hajauliza habari za ndoa na baba hajamwita mnunuzi wa shamba.